Kumuaga Daktari wa Ng'ombe

Somo la juma: Mwanzo 31

Mama mmoja wa kanisani kwetu alinijia nyumbani jioni moja, akachagua kiti cha karibu na mlango, akakataa chai mara mbili, ya tatu akaipokea na kukishika kikombe bila kunywa. Mchungaji akiona kikombe kinashikwa namna hiyo huanza kupanga maneno moyoni: ni ndoa, au ni mtoto aliyeshindikana, au ni mkopo. Nilijiandaa kwa yote matatu.

"Mchungaji," akasema, "nataka kuhama daktari wa ng'ombe, na sijui nimwambieje."

Nilicheka. Mungu anisamehe kicheko kile, maana mwenzangu hakucheka.

Mama huyu anakaa Rusororo, upande wa Kabuga, kule ambako Jiji la Kigali bado linanuka samadi asubuhi. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, jina lake Gaju, jina wanalopewa ng'ombe wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Bibi yake Gaju alikuja kwa Girinka, ule mpango wa Serikali ulioanza mwaka 2006 wa kuipa familia maskini ng'ombe mmoja, kwa sharti kwamba mtamba wa kwanza atakayezaliwa aende kwa jirani mwenye shida kama yako. Mtamba wa kwanza alikwenda. Wa pili akabaki, naye ndiye aliyemzaa Gaju. Karo za watoto wawili zimetoka kwenye kiwele cha ukoo huo. Na tangu enzi ya bibi mpaka ya mjukuu, daktari alikuwa mmoja: mzee mwenye pikipiki ya zamani, buti za mpira zimefungwa nyuma kwa kamba, na daftari la shule la karatasi za miraba ambamo kila ng'ombe wa mtaa ana ukurasa wake.

Shida ilikuwa hii. Ng'ombe asiposhika mimba hurudia joto baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halimalizi hata siku moja. Wafugaji wana kanuni yao: ukimwona asubuhi, apandishwe jioni, ukimwona jioni, apandishwe kesho asubuhi. Ukichelewa, mbegu imepotea, hela imepotea, na siku 21 nyingine za kungoja zimeanza. Gaju hana mwenzake zizini wa kumpanda, kwa hiyo yeye joto lake hulitangaza kwa kulia usiku kucha, majirani wote wanajua. Mzee alikuwa akipigiwa simu alfajiri, anafika kesho yake mchana. Mara tatu alimpandisha kwa chupa, na mbegu zenyewe hutayarishwa Masaka, wilaya ya Kicukiro, karibu kabisa na pale. Mara tatu Gaju akarudia.

Wakati huohuo kijana mmoja aliyesomea udaktari wa mifugo Nyagatare, kwenye Chuo Kikuu cha Rwanda, alikuwa amefungua duka la dawa kando ya barabara. Simu yake inapokelewa. Akisema saa kumi ni saa kumi. Tena anacho kile kimashine cha kupiga picha ndani ya tumbo, kinachoonyesha mimba ikiwa bado changa, badala ya kungoja miezi na kubahatisha.

Kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kuhama, na sitaki mtu asome tafakari hii akidhani namlaumu kwa hilo. Kitabu cha Mithali kinamtambua mwenye haki hata kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Ng'ombe hawezi kusema "nipelekeni kwa mwingine". Mwenye ng'ombe ndiye mdomo wake, na akinyamaza kwa kumwonea haya daktari, ng'ombe ndiye anayelipa.

Hayo nilimwambia vizuri. Kisha nikaharibu.

"Huna haja ya kumwambia chochote," nikasema. "Acha tu kumpigia simu. Mzee ataelewa mwenyewe. Ya nini kumuumiza mtu mzima kwa maneno?"

Nilijiona nimetoa hekima. Mama akanywa chai yake, akaenda.

Ningekuwa natumikia mahali pengine, huenda ushauri huo usingekuwa na madhara. Lakini hapa Rwanda ng'ombe ni kamba inayofunga watu. Salamu ya zamani kabisa ni kumwombea mwenzako makundi ya ng'ombe, amashyo, naye akakujibu amashongore, yaani yawe ya majike. Mtu akitaka kuapa, humtaja aliyempa ng'ombe. Mahari ni ng'ombe, hata siku hizi inapohesabiwa kwa faranga. Chini ya ubuhake, ule mfumo ambao Mwami Mutara Rudahigwa aliufuta mwaka 1954, mtu alimtumikia mwenye ng'ombe ili naye apewe wa kutunza, na kumwacha bwana wako halikuwa jambo la kuamka asubuhi ukalifanya, maana ng'ombe wangeweza kunyang'anywa. Sheria ilikwisha, ila miili yetu ina kumbukumbu. Mtu anayeingiza mkono mpaka begani kwenye tumbo la ng'ombe wako saa nane za usiku, akageuza ndama aliyekaa vibaya, huyo si fundi wa bomba. Ameingia kwenye hesabu za nyumba.

Wenye farasi nao wanayajua haya. Kwetu farasi ni wachache. Ukitaka kuwaona panda Mlima Kigali, juu ya Nyamirambo, kuna mahali watu huenda kuwapanda. Huko Ulaya ambako farasi hukaa na mtu miaka 20 na zaidi, kuhama kutoka kwa daktari mmoja kwenda kwa mwingine kumewekewa utaratibu. Uingereza, kwa mfano, daktari wa mifugo anayepokea mnyama aliyekuwa mikononi mwa mwenzake anatakiwa kutafuta kwa yule wa kwanza historia ya matibabu. Nilipolisikia hilo nilidhani ni adabu ya Waingereza tu, kama ile ya kupanga foleni. Sasa najua ni kwa ajili ya farasi.

Turudi Rusororo. Mama alifuata ushauri wangu, akanyamaza. Juma la kwanza halikuwa na neno. Juma la pili akaanza kuchagua njia: dukani anapita juu, asipite mbele ya nyumba ya mzee. Kijana alipokuja, pikipiki yake iliingizwa kwa nyuma, kwenye migomba, kama mtu anayeleta magendo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Umuganda, mtaa mzima uko nje na majembe, na huwezi kumkwepa mtu mnapozibua mtaro mmoja. Mama akashikwa na kichwa, akabaki ndani. Kanisani mzee hukaa safu ya tatu kushoto. Mama aliyekuwa amekaa safu ya nne kushoto tangu tujenge, akahamia kulia, nyuma, karibu na wanakwaya. Niliona kutoka mimbarini. Nikadhani amejiunga na kwaya.

Na Gaju? Kijana alipofika mara ya kwanza aliuliza maswali yake kama alivyofundishwa. Alizaa vizuri mara ya mwisho? Amewahi kutibiwa kizazi? Nani alikuwa anamhudumia? Mama akaogopa kwamba akimtaja mzee, kijana atampigia, na siri itatoka. Akajibu kwamba ng'ombe hajawahi kuugua, na kwamba daktari hakuwa naye maalumu. Ni mwanamke mkweli kuliko wengi ninaowajua, lakini nilikuwa nimempa kazi ambayo haifanyiki bila uongo. Kijana akaamini, akampandisha. Akarudia. Akampandisha tena. Akarudia tena. Sasa ni mara tano, na maziwa yamekwenda yakipungua, maana ng'ombe asiyezaa hukauka.

Mama alirudi kwangu juma lile nilipokuwa naandaa Mwanzo 31.

Sura hiyo ni ya wafugaji mwanzo hadi mwisho. Yakobo amemtumikia mjomba wake Labani miaka 20: 14 kwa ajili ya mabinti wawili na sita kwa ajili ya mifugo. Ujira wake umebadilishwa mara kumi. Ana kila sababu ya kuondoka, na Mungu mwenyewe amemwambia aondoke. Kuhama kwake hakuna dosari. Hata hivyo anangoja mpaka Labani aende kuwakata kondoo manyoya, anapakia wake zake na watoto juu ya ngamia, anaswaga mifugo, anavuka mto. Labani anapata habari siku ya tatu. Anamfuata mwendo wa siku saba, anamkuta kwenye milima ya Gileadi.

Nimehubiri sura hii mara nyingi na kila mara nilikuwa upande wa Yakobo. Labani ni mjanja, mchoyo, mla ujira wa watu, nani atamtetea? Ila safari hii nilisoma malalamiko yake polepole. Neno lake la kwanza halihusu kondoo. Anauliza kwa nini umekimbia kwa siri. Anasema ningekusindikiza kwa nyimbo, kwa matari na vinubi. Anasema hukuniacha hata niwabusu watoto na wajukuu wangu. Pengine anaigiza, Labani ni Labani. Lakini hata kama nusu ni maigizo, nusu iliyobaki ni mzee aliyeamka akakuta nyumba tupu.

Na angalieni kinachopakiwa pamoja na mizigo. Raheli ameiba miungu ya nyumbani ya baba yake, ameificha chini ya tandiko la ngamia, anaikalia. Yakobo hajui. Anaapa kwa kinywa kipana kwamba atakayekutwa nayo asiishi, na anayeapiwa ni mke wake mpenzi. Ukihama gizani hujui umebeba nini. Mama yetu alibeba ukurasa wa daftari, au tuseme aliuacha, yote ni mamoja.

Walimaliza kwa kurundika mawe, wakala chakula juu ya lundo hilo. Labani akaliita kwa lugha yake, Yakobo kwa lugha yake. Lundo moja, majina mawili. Mahali hapo paliitwa pia Mispa, na watu wengi hupenda kunukuu maneno ya Mispa kama baraka ya wapendanao. Mahali pale ilikuwa mpaka: mimi sitavuka nije kwako kwa ubaya, wala wewe kwangu. Sioni aibu kusema kwamba kuna uhusiano ambao mwisho wake mzuri ni huo tu, lundo la mawe na chakula kimoja.

Basi tukaenda kwa mzee, mama na mimi. Nilikwenda kwa sababu kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake. Mama alibeba chupa ya mtindi na faranga 12,000, deni la ile mara ya tatu ambalo hakuwahi kulilipa. Hilo hakuwa ameniambia. Nadhani ndilo lililomfanya anywe chai yangu kwa haraka vile siku ile nilipomwambia asiseme kitu.

Tulimkuta barazani anapaka mafuta mnyororo wa pikipiki. Salamu zilichukua muda, kama kawaida yetu: watoto, mvua, watoto tena. Kisha mama akasema, bila kuzunguka, "Daktari, nilihama na sikukuaga. Gaju alikuwa anarudia, nikaona unachelewa, nikamwita yule kijana wa barabarani. Nimekuja kukulipa na kukuomba radhi."

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua," akasema. "Pikipiki yake ina sauti."

Akaingia ndani, akatoka na daftari. Alifungua ukurasa wa Gaju bila kutafuta. Tarehe zote zilikuwa pale kwa kalamu ya bluu: chanjo, minyoo, kupe, ile siku ya homa. Akaweka kidole karibu na chini. Uzazi wa mwisho, kondo la nyuma lilikataa kutoka, likakaa siku mbili, likaanza kuoza, alitibiwa. Mama alikuwa amesahau, au alikuwa amelikumbuka kama jambo lililokwisha. Chini yake tarehe tatu za kupandishwa. Chini ya hizo, mstari mmoja wa penseli: asafishwe kizazi kabla ya mara ya nne.

"Sikukusudia kumpandisha tena," mzee akasema. "Kizazi kikiwa kichafu unamwaga mbegu bure. Nilitaka kumsafisha kwanza. Simu haikuja."

Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, naungama, kwa nini hakwenda kumwambia. Akaniangalia kama mtu anayemfundisha mtoto. "Mchungaji, siwezi kuingia zizi ambalo sikuitwa."

Hakutabasamu. Alihesabu zile 12,000 mbele yetu, akaandika stakabadhi. Alinakili ukurasa wote kwenye karatasi nyingine kwa mwandiko uleule wa taratibu, akaikunja mara nne, akamkabidhi mama ampelekee kijana. Mtindi aliupokea kwa mikono miwili akauweka kando. Hakuufungua tulipokuwa pale. Tulipoaga alisema jambo moja tu: kwamba kweli alikuwa anachelewa, kwamba macho yake usiku si kama zamani, na kwamba angeulizwa angemtaja kijana huyohuyo.

Mnajua methali: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Huku kwetu ingeweza kuandikwa juu ya mlango wa kila zizi, maana madaktari si wengi, na ndama akikwama usiku wa mvua utampigia yeyote atakayepokea. Naipenda, ila naiona ina ujanja kidogo. Inamheshimu mkunga kwa sababu ya mimba ijayo. Mzee yule alistahili kwaheri kwa sababu ya zile zilizopita.

Kwa nini tunaogopa kiasi hiki neno dogo hivi? Nimekaa Kigali miaka ya kutosha kujua kwamba ukimya kwetu unavaa nguo za adabu. Hatusemi, tunaacha ieleweke. Mambo mengine ni afadhali yaeleweke hivyo. Lakini kuna ukimya wa kumlinda mwenzako na kuna ukimya wa kujilinda wewe, nao hufanana kama mapacha. Mimi nilimpa mama ule wa pili nikidhani ni ule wa kwanza. Nilimwambia "usimuumize mzee". Aliyekuwa anaogopa kuumia nilikuwa mimi, maana mzee ni wa kanisa langu na nisingependa kusuluhisha.

Na wachungaji nasi tunahamwa, nisijifanye sijui. Familia inakosekana Jumapili moja, unasema wamesafiri. Ya tatu unaambiwa na mtoto wa jirani kwamba wanaonekana kanisa lile la bondeni lenye spika kubwa. Sijawahi kukasirika kwa mtu kwenda anakolishwa vizuri. Nimekasirika, na nimelala vibaya, kwa mtu niliyezika baba yake akivuka barabara Kimironko ili asinisalimie. Angekuja tu. Ningemwombea, ningempa barua ya utambulisho, na ningemwambia mchungaji wake mpya kwamba mtoto wa pili ana kifafa, asishtuke akianguka wakati wa sifa. Hilo la mwisho nadhani mpaka leo hajaambiwa.

Kwa hiyo, ukihama daktari wa ng'ombe, fundi, mwalimu wa ziada wa mtoto, au mimi, lipa deni kwanza, kabla ya neno lolote. Radhi isiyolipa deni haisikiki. Nenda mwenyewe, usitume mtoto wala ujumbe wa simu. Toa sababu ya kweli na uikate fupi. "Unachelewa na ng'ombe wangu hangoji" inatosha, makosa ya miaka kumi hayana kazi tena. Mwombe alichokiandika, maana si mali ya kinyongo chenu ninyi wawili. Kwa daktari mpya, usianze kwa kumsimulia ubaya wa yule wa kwanza. Atacheka nawe, na usiku atajiuliza utamsimulia nani habari zake.

Gaju alisafishwa kizazi. Kijana akaacha joto moja lipite bila kumgusa, la pili akampandisha jioni ya siku ileile, na kile kimashine kimeonyesha mimba. Anatarajiwa kuzaa mwezi wa kumi na moja. Mama amerudi safu ya nne kushoto, na kwenye simu yake kuna namba mbili zilizoandikwa Daktari, moja ya mchana na moja, anasema yeye, ya dharura.

Ibada ya Kiswahili Jumapili hii ni saa tatu asubuhi kama kawaida. Kama kuna mtu anayekudai kwaheri, mpitie kabla hujaja.